Mnyoo wa Zaina, Tumbo la Swedi

Baraka, Ijumaa. Jua limetoka.

Limetoka kweli, siyo lile la kuchungulia na kurudi ndani. Wiki nzima mvua ilikuwa inashuka milimani na kutumwagikia, ziwa likawa na rangi ya chai ya maziwa, na betri za sola pale hospitali zikawa zinalia kila mara zikidai kulishwa. Leo asubuhi nimeanika vitenge vyangu vyote nje na nimetembea hadi kazini bila kuruka dimbwi hata moja. Yaani madimbwi yalikuwepo, ila sikuyaruka. Nilipita humo humo.

Leo ninajisifu. Nasema mapema ili asiyependa watu wa kujisifu afunge ukurasa huu na kwenda kusoma mambo ya wengine. Mara nyingi ninaandika humu nikiwa nimechoka au nimekasirika, na wanaonifahamu wanajua hasira zangu haziko mbali. Lakini leo nimefurahi hadi nikanunua samaki, mukeke mkubwa, mzima, nikamkaanga mwenyewe. Sitamgawia mtu.

Kwa asiyenijua: mimi ni muuguzi, na kazi yangu hospitali ni kupiga eko. Ninapitisha kifaa tunachokiita sonda juu ya tumbo la mtu, na yaliyomo ndani yanaonekana kwenye kioo cha mashini. Mjini wananiita Mama Eko, hata wale ambao sijawahi kuwagusa. Karibu kila anayelala kwenye kitanda changu ni mjamzito, ndiyo maana watu wa hapa wanajua mashini yangu ni ya mimba tu. Mtu akiingia chumbani mwangu kwa ugonjwa mwingine, lazima ajieleze kwa majirani.

Zaina hana mimba. Zaina ana miaka sita.

Aliletwa Jumatatu na nyanya yake, mama mzazi wa baba yake. Tunamwita Mama Ramazani kwa jina la mwanawe Ramazani, mwenye boti ya mizigo inayokwenda Kigoma, na wiki hii Ramazani yuko huko huko Kigoma na boti yake. Mtoto alikuwa amejikunja, ameshika upande wa kulia chini ya mbavu, anatapika maji ya njano, na weupe wa macho ulikuwa umeanza kugeuka njano pia. Nyuma yao, karibu na mlango, alisimama mwanamke kijana ambaye hakuna aliyemwambia akae. Huyo ni Asha. Ramazani alimwoa baada ya mama yake Zaina kufariki.

Sikuhitaji kuuliza kwa nini amesimama mbali. Mama Ramazani alisema wazi, mbele ya foleni nzima ya wajawazito:

"Huyu mutoto alikula sombe ya ule pale. Tangia hapo tumbo iko inamuuma. Alimupa sumu."

Sombe ni majani ya muhogo tu, mboga ya kila nyumba. Lakini neno sumu huku kwetu halisemwi kwa mchezo. Mtu akishatajwa kwa sumu, anaweza kukaa miaka na miaka na hakuna atakayepokea kikombe kutoka mkononi mwake. Ndiyo sababu mwenye adabu akikupikia anaonja kwanza mbele yako: anamega bugali, anachovya kwenye mboga, anakula, ndipo wewe unanyoosha mkono. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa wageni bila hata kufikiri. Lakini Asha alikuwa anaonja kila siku, kila sufuria, ndani ya nyumba ya mume wake, mbele ya mama mkwe, tangu aolewe. Na hata baada ya kuonja, Mama Ramazani hakuwahi kula chakula chake. Ana mbabula lake la makaa, ana sufuria zake, na anapika vyakula vya watu wawili tu: yeye mwenyewe na Swedi.

Swedi ni mdogo wake Zaina. Amepewa jina la marehemu babu yake, na nyanya anampenda kupita kiasi. Analala kwake, anakula kwenye sahani yake, na kwa Asha hajawahi kulamba hata kijiko. Zaina ni mtoto wa kula popote alipokuta sahani, kwa hiyo alikula kwa Asha.

Asha alijitetea mara moja tu. "Mi sikumutilia kitu, mama. Ile sombe na mi nilikula." Hakuna aliyemjibu. Mimi nilishika sonda, kwa sababu kazi yangu ilikuwa tumbo la mtoto.

Nikampaka jeli, akastuka kwa baridi yake. Daktari wetu alisimama kando, uso umekunjamana. Alikuwa anaogopa kitu cha kupasua, au kitu cha kutufanya tumpakie mtoto kwenye gari na kumpeleka mbali kwa barabara ambayo mvua ilikuwa imeila. Nikatazama ini, nikaona ni zuri. Figo nazo nzuri. Kisha nikafika kwenye njia ya nyongo, ule mfereji mwembamba unaochukua nyongo kutoka kwenye ini na kuipeleka kwenye utumbo. Ulikuwa umepanuka. Na ndani yake kulikuwa na mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba, kama mrija uliochomekwa ndani ya mrija mwingine.

Hapo nilifanya jambo ninalojivunia, nalo ni dogo sana. Nilisimamisha mkono.

Ukipiga eko ya mimba mkono hautulii, kwa sababu yule wa tumboni anageuka na wewe unamfuata. Mkono wangu umezoea kukimbia. Lakini Jumatatu nilimwambia Zaina apumue kidogo kidogo, nikakaza kiwiko juu ya godoro, nikangoja. Ule mrija ukatulia nao. Nikaendelea kungoja hadi bega likaanza kuniuma. Kisha ukajikunja, polepole, upande mmoja, ukarudi.

"Mnyoo," nikasema.

Daktari akainama hadi kichwa chake kikagusa changu. Alipomwona mnyoo alicheka, na mimi nikacheka, na kusema kweli tulifurahi kuliko inavyofaa mbele ya mtoto mgonjwa. Ni mnyoo mkubwa wa tumbo, wa kawaida kabisa, yule ambaye kila mama hapa ameshamwona kwenye kinyesi cha mwanawe. Huyu wa Zaina alipanda kutoka kwenye utumbo, akaingia kwenye njia ya nyongo, akakwama. Maumivu, kutapika, macho ya njano, vyote ni yeye.

Na mimi, kwa furaha yangu, nikageuza kioo.

Ninawageuzia wajawazito kioo kila siku. Wakiona moyo wa mtoto unapiga, wanalia, wanacheka, mabishano yanaisha. Nikadhani na hapa mabishano yataisha. Nilitaka Mama Ramazani aone kwa macho yake kwamba hakuna sumu, na Asha pale mlangoni aweze kukaa kwenye kiti kama watu wengine. "Angalia, mama," nilimwambia. "Sumu haiko. Ni munyoo, ona anatembea."

Aliangalia kwa muda mrefu. Na yule mnyoo, sijui nani alimtuma, akachagua wakati huo huo kujinyoosha vizuri.

"Iko muzima," alisema Mama Ramazani. "Muko munaona bote? Kitu iko muzima mu tumbo ya mutoto. Alimutilia nyoka."

Nilikuwa nimesahau. Mimi niliyezaliwa Lweba, niliyelelewa na shangazi wanaojua kila hadithi ya ukanda huu, nilisahau kwamba kwa watu wetu wengi sumu siyo lazima iwe unga au majani. Mtu anaweza kukutilia kitu chenye uhai, kikakaa ndani na kukutafuna taratibu. Nami niliwapa ushahidi ambao walikuwa hawana: nyoka anayetembea, kwenye mashini ya hospitali, na Mama Eko mwenyewe akimwonyesha kwa kidole. Wajawazito waliokuwa mlangoni walisogea mbali na Asha, wakishika matumbo yao.

Mchana habari ilikuwa imefika sokoni. Jioni nilimwona Asha akipita mbele ya lango letu, amepakiwa kwenye pikipiki na mfuko wake wa nguo mapajani, anarudishwa kwao Lweba. Hakutazama upande wangu. Nilibaki nimesimama pale na ufunguo wa chumba mkononi. Niliumia. Kama ningeandika jibu langu kwenye karatasi na kunyamaza, angekuwa nyumbani kwake anapika.

Sasa nieleze kwa nini mambo hayakuisha kwa kidonge kimoja, maana najua mtauliza. Watu wanadhani ukishamwona mnyoo, unamuua. Huyu hapana. Akifia ndani ya njia ya nyongo, nani atamtoa? Atabaki humo, ataoza, ataziba, na hapo ndipo mtoto ataharibika kweli. Daktari aliagiza serumu, yale maji ya mshipani, dawa ya maumivu, antibiotiki, na mtoto asile kwanza ili tumbo litulie. Dawa ya minyoo ingoje. Mnyoo alitakiwa arudi mwenyewe kule alikotoka, akiwa na nguvu zake zote.

Kwa mara ya kwanza maishani nikawa ninaombea mnyoo afya njema.

Jaribu kumweleza hayo mtu anayejua kwamba ni nyoka aliyetumwa. Jumanne asubuhi nilimkuta Mama Ramazani amekwisha kumfunga Zaina kitenge mgongoni, na nje dereva wa pikipiki anangoja. Kuna mtu njia ya Lulimba anayetapisha wenye sumu. Anakunywesha majani, unatapika hadi uone nyota. Hebu fikiri: mtoto aliyekwisha kutapika hadi midomo imepasuka, abebwe kwenye matope yale, kisha atapishwe upya. Nilijua kwamba akitoka pale anaweza asirudi.

"Munaiona, munasema munaijua, kisha munaiachaka humo?" aliniuliza. "Ile ni dawa gani?"

Daktari alizungumza naye kwa upole. Mimi nilizungumza naye bila upole, nakubali. Nikamweleza kwamba minyoo hutaga mayai, mayai hutoka na kinyesi, huingia kwenye udongo, kisha kwenye mikono ya watoto, kisha mdomoni. Alinisikiliza hadi mwisho, na hiyo ni heshima ambayo mimi sikuwa nimempa. Kisha akajibu mambo mawili.

La kwanza: "We uko wa Lweba, na ule iko wa Lweba. Muko munasaidiana."

La pili: "Kama ni minyoo ya mu udongo, batoto bote banacheza mu ule udongo. Sasa bengine mbona habagonjwe?"

La kwanza liliniudhi. La pili lilikuwa swali zuri. Kabisa. Ningekuwa mwalimu ningempa alama zote. Nilisimama pale nikilitafuna, na jibu lilikuwa limejishikilia kwenye kitenge chake, linanyonya kidole: Swedi, tumbo limechomoza chini ya shati.

"Tumupige Swedi eko," nilimwambia.

"Swedi hagonjwe. Swedi anakulaka ku sahani yangu."

"Ndiyo sababu namutaka yeye."

Alinielewa. Niliona jinsi alivyonielewa. Kama kitu kile kimetoka kwenye sufuria ya Asha, basi tumbo la Swedi litakuwa safi, na hapo hata mimi nitanyamaza. Alimfungua Zaina mgongoni, akamlaza, akamwambia dereva angoje kidogo. Alikuwa na uhakika kabisa.

Mimi sikuwa nao. Hapa niseme wazi, kwa kuwa blogu hii ni yangu na siandiki ili nionekane shujaa. Nilijua lupango yao, ule ua uliozungushiwa miti, kwa sababu ninaupita nikienda kanisani. Nilijua choo chao na mpera ulio nyuma yake. Nilijua watoto wa mtaa ule. Lakini hakuna anayeweza kuapa juu ya tumbo asilolitazama. Kama Swedi angekuwa msafi, mimi ndiye ningekuwa nimemzika Asha, na Zaina angepanda pikipiki ile. Daktari aliniangalia kwa jicho la kuuliza kama nina akili zangu. Kisha akanipa shauri zuri: mtoto anywe maji mengi kwanza, maana utumbo ukijaa maji, kilichomo kinaonekana vizuri zaidi.

Mama Ramazani alikataa maji ya hospitali. Akaleta bidoni lake, dumu la maji, kutoka nyumbani, akamimina mwenyewe, akamnywesha mwenyewe. Sikumzuia. Nilifurahi hata, kwa sababu kila kitu kilichoingia kwa Swedi kilitakiwa kupita kwenye mikono yake.

Swedi alikunywa hadi akagoma. Alipolala kitandani alikuwa anacheka, jeli inamtekenya, na kila nikikandamiza kidogo anasema anataka kukojoa. Nje wingu lilikuwa zito na mashini ikaanza kulia kwamba betri inaisha. Nikapita juu, nikaona hewa tu. Nikapita chini, nikaona hewa. Upande wa kushoto, hewa na maji. Niliona mkono wa Mama Ramazani umeanza kukunjua kitenge cha kumbebea Zaina.

Nikafuta jeli, nikapaka upya, nikakaza kiwiko. Nikamwambia Swedi kwamba akitulia atakojoa nje kwenye nyasi, kokote atakakochagua. Alitulia kama askari.

Mistari miwili myeupe. Ndani ya maji.

Nilingoja. Ikajikunja. Pembeni yake mnyoo mwingine, amejiviringisha. Nikashusha sonda kidogo, na huko tena nikaona mwingine. Macho yaliniuma kwa kutaka kulia, nikayapepesa, maana bado kazi ilikuwa haijaisha na nilikuwa nimejifunza kitu tangu Jumatatu. Safari hii sikugeuza kioo mbio mbio. Nilimwambia kwanza.

"Mama, kama nakuonyesha kitu sawasawa na ile ya Zaina mu tumbo ya Swedi, utasema nini?"

Nikageuza kioo.

Aliangalia mashini, kisha akamwangalia Swedi, kisha akaangalia viganja vyake mwenyewe, vile ambavyo vimemlisha mtoto huyo tangu apoteze mama. Nimeona watu wakipokea habari mbaya pale chumbani, lakini uso ule sitausahau. Hofu yake haikuwa ya Asha tena.

"Huyu anakulaka kwangu," alisema polepole. "Kwangu tu."

"Najua, mama. Na haukumutilia kitu."

Alikaa chini. Nilivuta kiti changu karibu yake, na Swedi akakimbilia nje kutimiza ahadi yangu. Sikutaka kumwaibisha. Nilikuwa nimemkasirikia tangu jana yake, lakini pale nilimwona tu kama mtu aliyezika mke wa mwanawe na kuamua kwamba hatazika mwingine, hata kama ni kwa kupika mara mbili kila siku hadi uzee umchoshe. Baadaye alisema neno moja.

"Mapera."

Watoto wanaokota mapera yanayoanguka nyuma ya choo. Zaina anaokota, Swedi anaokota, wanafuta kwenye shati na kula. Yeye mwenyewe, alisema, huwa anamwokotea Swedi yale yaliyoiva vizuri. Nikamjibu kwamba hata mimi nilikua kwa mapera ya namna hiyo. Alitoka nje, na baada ya muda nikasikia pikipiki inaondoka bila abiria.

Jumatano na Alhamisi zilikuwa za kungoja. Kila asubuhi nilimpiga Zaina eko, na kila asubuhi mgeni wetu alikuwa humo humo, mzima, hana haraka. Nilianza kumsalimia. Zaina, ambaye maumivu yalikuwa yanapungua kwa dawa, akaniuliza kama analala. Nikamwambia hapana, anatafuta mlango. Akafikiri, kisha akaniomba nimwonyeshe mlango uko wapi.

Alhamisi furaha ilipungua. Macho ya mtoto yalikuwa bado ya njano na homa ilipanda kidogo. Daktari akasema kama hakuna mabadiliko itabidi tumpeleke Bukavu, kwa wenye vifaa vya kumtoa mnyoo bila kupasua. Tulitazamana, kwa sababu sote tulikuwa tunawaza barabara. Mama Ramazani alisikia. Hakutaja Lulimba. Alikaa pembeni ya kitanda akipitisha vidole kwenye nywele za Zaina zilizofumuka, na mtoto akauliza, kwa sauti yake ile ya kukauka, ni nani atamsuka kama Mama Asha hayupo.

Baadaye nilipita ukumbini na kumkuta Mama Ramazani ameshika simu mbali na sikio, kama anavyofanya kila mtu wa umri wake. Nilisikia upande wake tu.

"Asha. Kuja. Mutoto anakutafuta."

Kisha akakata simu.

Ndipo leo, na jua hili. Betri zimejaa hadi juu, mashini imewaka mara moja bila kulalamika. Nimempaka Zaina jeli, nimekaza kiwiko, nimetafuta mistari yangu miwili. Haipo. Nimetafuta tena. Njia ya nyongo imenywea, nyembamba, safi, imerudi ilivyotakiwa kuwa. Nilitaka kuwa na uhakika. Nimempa maji kidogo, nimeshuka kwenye utumbo, na huko nimemkuta, anaogelea zake mahali anapostahili kuwa kama hamna lolote lililotokea. Sijawahi kufurahi kuona mdudu namna ile.

Nimemwita daktari. Ametazama, amenipa mkono, mkono wa kweli, ule wanaopeana wanaume wakiuza ng'ombe. Amesema katika miaka yake ya kazi hajaona eko ya minyoo iliyopigwa vizuri hivi. Nimeandika sentensi hiyo hapa ili siku nikinyimwa likizo niisome.

Zaina amepewa dawa ya minyoo, na Swedi naye. Mapema mama wengine wawili walikuwa wamekwisha kuniletea watoto, wanataka waone nyoka zao. Nimewaambia dawa ipo kwenye kituo cha afya, haihitaji mashini, inahitaji tu kwenda. Na sabuni. Na kuosha mapera.

Mchana, baada ya watu kutoka msikitini, Asha amefika.

Alikuwa na sufuria iliyofungwa kwenye kitenge. Aliingia wodini taratibu, akamsalimia mama mkwe kwa kupiga goti, akaitikiwa. Zaina alimnyooshea mikono na kichwa kwa pamoja, kichwa kwa ajili ya kusukwa. Asha akakaa chini kwenye mkeka, akafungua sufuria: bugali, na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye mawese. Wodi nzima iligeuka kutazama. Wote wanajua habari, na mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya jeli mkononi, sina kazi yoyote pale, sikuweza tu kuondoka.

Asha akanawa. Akamega tonge dogo, lile la kuonja, akalipeleka kwenye mboga kama alivyozoea kila siku ya ndoa yake.

"Wacha," Mama Ramazani akasema.

Mkono wa Asha ukabaki hewani. Wangu nao ulikaza ile chupa.

"Wacha. Chakula iko inapoa."

Na yeye mwenyewe akanyoosha mkono, akamega tonge kubwa, akachovya hadi mawese yakamchuruzika kwenye kifundo, akala. Akala la kwanza, kabla ya mtu yeyote, mbele ya wodi nzima. Akatafuna bila haraka. Kisha akamega la pili, akamwambia Asha asogeze sufuria karibu, samaki ziko mbali.

Nilirudi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikalia kidogo. Halafu nikamwita mjamzito aliyefuata.

Daktari ameandika kwenye faili kwamba njia ya nyongo iko wazi na mgonjwa anaendelea vizuri. Ni kweli, na inatosha kwa faili. Mimi nimejiwekea sharti: kabla sijamgeuzia mtu kioo, nitamuuliza kwanza anaogopa nini. Kioo kinaonyesha, lakini mtu anaona kile alichokuja nacho.

Kesho, jua likituhurumia tena, Mama Ramazani atalala kwenye kitanda changu. Ametaka mwenyewe, anasema haiwezekani wajukuu wawe nazo na yeye akose. Nimemwambia dawa atapewa hata bila eko, amekataa, anataka kuona. Basi nimemwambia aje amekunywa maji mengi.

Amesema atakunywa yale ya Asha.